Nchi mbili, mto mmoja wa majitaka: kisa cha Tijuana kwa sisi tunaoishi kando ya Msimbazi

Mkazi wa Bondeni:

Wakuu, habari za usiku. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka aupitie kesho akitulia.

Naishi Kigogo, upande wa chini, nyumba ya nne kutoka mtoni. Nina miaka kumi na tisa hapa. Masika yaliyopita, kama saa nane usiku, mvua ikiwa imeshika kweli kweli, nilisikia sauti ninayoijua: nyundo juu ya zege. Ngo, ngo, ngo. Kisha kimya. Kisha harufu. Jirani wa juu yangu alikuwa anatapisha choo. Kwa msioishi mabondeni, kutapisha ni kutoboa ukuta wa shimo la choo wakati wa mvua kubwa ili maji yabebe vyote vilivyomo yapeleke mtoni. Mtoni vinafika, ila kwanza vinapita uani kwangu. Kulipokucha nilikuta mstari mweusi ukutani, usawa wa kifundo cha mguu, umezunguka nyumba nzima kama umechorwa kwa rula. Beseni la kuoshea vyombo, lile la bluu tunaloliacha nje, lilikuwa limejaa vitu ambavyo sitavitaja hapa. Mke wangu alilibeba akaenda kulitupa. Hakusema neno.

Wiki hiyo hiyo mdogo wangu anayeishi San Diego, Marekani, akanitumia picha ya ufukwe. Mchanga safi, mawimbi mazuri, na majini hakuna mtu hata mmoja. Pembeni kibao cha onyo kwa Kiingereza na Kihispania: usiingie, maji haya yana majitaka. Nikamuuliza, huko nako? Akajibu, "Kaka, huku bahari imefungwa miaka." Ndipo nikaanza kusoma, na nilichosoma kimenikaa kooni hadi nikaona nikilete hapa jamvini.

Mji huo unaitwa Imperial Beach, kusini kabisa mwa California, unapakana na Mexico. Hapo ndipo Mto Tijuana unapoingia bahari ya Pasifiki. Karibu robo tatu ya bonde la mto huu iko Mexico, lakini mdomo wake uko Marekani. Kwa hiyo mji wa Tijuana uko juu na Imperial Beach iko chini, kama ilivyo Vingunguti kwa Kigogo, tofauti ni kwamba wao katikati wana ukuta wa chuma na askari.

Mwaka 1950 Tijuana ilikuwa na watu wasiofika laki moja. Sasa wanakaribia milioni 2. Walifuata viwanda, wakafuata mpaka, wakajenga kwenye makorongo na miteremko ambako bomba la majitaka halijafika. Mwenzangu wa Dar, ukisoma hapo unajiona mwenyewe. Ikinyesha, kila kilichoko mlimani kinashuka mtoni, na mto haugeuki nyuma ukiona bendera nyingine.

Wala msidhani walikaa tu wakitazamana. Mkataba wao wa maji wa 1944 unazitaka nchi zote mbili zilipe kipaumbele suala la usafi mpakani. Mwaka 1987 Mexico ikajenga mtambo wa kusafisha majitaka, San Antonio de los Buenos, kando ya bahari kusini ya mpaka. Mwaka 1990 wakakubaliana jambo lililonishangaza sana: Marekani ijenge kwenye ardhi yake yenyewe mtambo wa kusafisha majitaka ya Tijuana. Ukajengwa San Ysidro, unaitwa South Bay, ukaanza kazi 1997 na uwezo wa galoni milioni 25 kwa siku, yaani karibu lita milioni 95. Choo kinamwagwa Mexico, kinasafishwa Marekani. Nilipofika hapo nikajisemea, basi hawa wamemaliza.

Hawakumaliza, na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize. Ule mtambo wa 1987 ulichakaa kidogo kidogo mpaka ukawa kwa sehemu kubwa unapitisha tu majitaka kwenda baharini yalivyo. Majira ya kiangazi mawimbi ya kutoka kusini yanayasukuma hadi Imperial Beach. Pale mtoni, hatua chache kabla ya mpaka, Mexico ina pampu za kuyanasa maji machafu yasivuke, lakini mvua ikinyesha zinazimwa, kwa sababu hazikutengenezwa kumeza mafuriko, mchanga na takataka. Yaani zinalala siku ile ile zinapohitajika zaidi. Na mtambo wa Marekani, nchi yenye pesa zote zile? Ulikuwa unapokea zaidi ya uwezo wake, matengenezo yakaahirishwa mwaka hadi mwaka, halafu Agosti 2023 dhoruba ya Hilary ikaukuta umechoka, ikaumaliza. Walipopiga hesabu ya matengenezo yaliyolimbikizwa, ikafika kama dola milioni 150.

Matokeo yake, fukwe za Imperial Beach zilifungwa kuanzia Desemba 2021, zikapitisha siku 1,000 mfululizo. Makomandoo wa majini wanafanyia mafunzo jirani na hapo, na ukaguzi wa wizara yao ya ulinzi uliotoka 2025 ulihesabu visa 1,168 vya maradhi ya tumbo kwa wanafunzi hao kati ya 2019 na 2023. Hao ni vijana waliochaguliwa kwa afya na uzima wao. Sasa wafikirieni watoto wanaocheza kwenye madimbwi ya Jangwani.

Hata hewa haikusalimika. Septemba 2024 wanasayansi walipima mtaa wa Nestor, karibu na mahali ambapo mto unaporomoka kutoka kwenye makalvati na kutoa povu. Gesi ya mayai viza, haidrojeni salfaidi, ilifika sehemu 4,500 katika bilioni. Kwa kawaida mjini haifiki hata 1. Watu walikuwa wamelalamika miaka, kichwa kinauma, usingizi hakuna, wakiambiwa ni harufu tu. Mwenye kulala karibu na mtaro wa majitaka anajua siyo harufu tu.

Hoja yangu ni hii. Mitambo miwili, mikataba kibao, nchi mbili, na bado kinyesi kilifika baharini kwa sababu pesa ya kutunza haikuwekwa pamoja na pesa ya kujenga. Sisi tunapenda uzinduzi. Sijawahi kusikia kwenye mkutano wa mtaa wetu mtu akiuliza, "Baada ya kuzindua, beringi za pampu zitanunuliwa na fungu gani?" Nataka tuanze kuuliza hivyo.

Kisiki wa Tabata:

Pole sana mkuu kwa yaliyokukuta. Lakini sikubaliani na wewe. Tijuana wana mpaka, wana kisingizio. Msimbazi wote uko ndani ya nchi moja, unaanzia vilima vya Pugu unaishia Daraja la Selander, hakuna mahali unaonyesha pasi. Tatizo letu ni mtu na nyundo yake usiku. Akamatwe, apigwe faini, na jirani mwingine ataogopa. Mambo ya mikataba na beringi yanatupoteza.

Mwanafunzi wa Maji:

Naomba kuuliza. Kinyesi kinauaje samaki? Maana kinyesi ni mbolea, mchicha wa bondeni unanawiri.

Fundi Chemba:

Mdogo wangu Mwanafunzi, samaki hauawi na kinyesi chenyewe, anakosa pumzi. Kinyesi kikiingia majini, vijidudu vinakishambulia kukila, na vikila vinatumia oksijeni ile ile ambayo samaki anavuta. Kikiwa kidogo na mto unakimbia, maji yanajirudisha. Kikiwa kingi na mto umetulia, oksijeni inaisha, maji yanakuwa meusi, yanaanza kunuka mayai viza. Mabwawa ya majitaka pale Vingunguti kazi yake ni hiyo hiyo, ila kwa mpangilio: vijidudu vile vinakula vikiwa bwawani, jua linasaidia, siku zinapita, ndipo maji yanaachiwa. Na huo mchicha unanawiri kweli, lakini uoshe sana, na bora uupike uive.

Mwenye uzi, umenigusa. Nimefanya kazi na pampu za majitaka miaka kumi na mbili, sitasema wapi. Nikueleze kitu ambacho wengi hawajawahi kukiona. Kabla ya pampu kuna chujio, vyuma vimesimama kama dirisha la jela. Kila asubuhi unalifungua na reki mkononi. Pampasi, matambara, nywele za bandia zilizosokotana kama kamba ya meli, mifuko, siku moja kiatu cha mtoto. Hivyo vyote vinatoka. Adui mkubwa ni mchanga. Mifuniko ya chemba inaibwa ikauzwe skrepa, mvua inaingia na mchanga wote wa barabarani. Mchanga unapita kwenye chujio, unaikwangua impela, ile panga inayozunguka ndani ya pampu kusukuma maji. Pampu ikianza kula mchanga unaisikia kabla hujaiona: inalia kama mtu anatafuna wali wenye mawe. Hapo una wiki, labda tatu.

Mwaka mmoja ililia hivyo. Niliandika kuomba beringi na sili. Beringi unaishika kwenye kiganja, unaifunika kwa vidole. Barua ilizunguka miezi mitano. Pampu ilikufa mwezi wa pili. Miezi mitatu iliyobaki majitaka ya mtaa mzima yalipita kwenye mtaro wa mvua, na mtaro wa mvua unaishia mtoni. Kisiki, hapo utamkamata nani na nyundo?

Kisiki wa Tabata:

Hapo umenishika kaka. Hilo sikulijua.

Mama Zuhura:

Kisiki mwanangu, nami nikujibu. Nina nyumba ya vyumba sita Mburahati, wapangaji na watoto wao, choo kimoja. Gari la kunyonya ukiliita linaanza kwa kuuliza barabara. Uchochoro wangu bodaboda mbili hazipishani. Mpira wao ulivutwa ukaishia kwa jirani wa tatu, wakageuza, na pesa ya mafuta wakadai. Kunyonya mara moja kwangu ni kodi ya chumba kimoja ya miezi miwili.

Kwa hiyo niliwaita vyura. Wasiowajua, ni vijana wanaoingia shimoni na ndoo na kamba. Wanavunja sakafu usiku, mmoja anashuka, wawili wanavuta juu, wanafukia kwenye shimo jingine pembeni kama una nafasi. Wa mwisho kushuka kwangu alikuwa kijana mdogo, umri wa mwanangu wa tatu. Alitoka mguu unavuja damu, amekanyaga wembe. Nilimwosha mwenyewe pale pale barazani kwa sabuni na maji ya chumvi, anatetemeka, ananiambia "mama usijali, ni kazi". Nililia. Tangu siku hiyo sitaki kuona mtoto wa mtu anaingia mle. Lakini shimo halijui kama nimelia, linaendelea kujaa. Faini mnayoitaka nitailipa, halafu choo kitaenda wapi?

Mkazi wa Bondeni:

Mama Zuhura, shikamoo. Asante kwa kuliweka wazi. Na mimi nilipokuwa naandika nilikuwa na hasira na jirani yangu, sikuwaza hata siku moja kama gari lilishawahi kumfikia.

Kijana wa Kirumi:

Naandika nikiwa Dar lakini kwetu ni Mara, karibu na daraja la Kirumi. Sisi mto wa nchi mbili tunao, tena haswa. Mara unaanzia misitu ya Mau, Kenya, unapita Maasai Mara, unaingia Serengeti, unamwaga Ziwa Viktoria. Kilomita 395. Machi 2022 maji yaligeuka meusi yakawa kama mafuta machafu, samaki wakaelea. Mama yangu alinipigia simu akisema hata ng'ombe wameyakataa.

Sote tulinyoosha kidole. Wengine migodi, wengine Kenya. Mimi nilikuwa wa migodi, niliandika kwa ukali sana kila mahali. Kamati ya serikali iliyoongozwa na Profesa Samwel Manyele ikaja na jibu kwamba ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza. Watu walilipokea kwa hasira kubwa, na mimi nikiwemo.

Baadaye nilikutana na utafiti wa 2018 kuhusu viboko wa Mto Mara upande wa Kenya. Wako zaidi ya 4,000, na kila siku wanaingiza majini kilo 8,500 za majani waliyokula, kupitia kinyesi. Wakati wa kiangazi kinyesi hicho kinalala chini ya madimbwi yao. Mvua ikija mto unafagia madimbwi yote kwa mpigo, oksijeni inashuka, samaki wanakufa mbali huko chini. Kile kile alichoeleza Fundi. Nikaelewa kwamba kinyesi chenyewe, bila tone la sumu ya mgodi, kinaweza kuua mto. Haimaanishi nimeacha kuiangalia migodi. Ila siku hizi kabla sijanyoosha kidole nauliza kipimo.

Ombi langu kwa miaka yote hii ni dogo: kila wiki maji yapimwe upande wa Kenya na upande wetu, siku moja, kwa njia moja, na karatasi ibandikwe pale Kirumi mama yangu aisome kabla ya kuteka.

Mkazi wa Bondeni:

Kijana wa Kirumi, San Diego wanafanya karibu na unachokiomba. Tangu 2022 wanapima maji ya bahari kwa kutafuta vinasaba vya vijidudu vya kinyesi, majibu yanatoka siku hiyo hiyo, na kibao cha ufukweni kinabadilishwa kwa kufuata majibu. Wakati mwingine wafanyabiashara wa pale wanakasirika kwa sababu kipimo kinafunga ufukwe mara nyingi zaidi kuliko zamani. Mimi ningechagua hasira ya mfanyabiashara kuliko tumbo la mtoto.

Nimalizie habari ya Tijuana, maana kuna mlioniuliza inboksi. 2025 mambo yalisogea. Mexico iliufanya upya ule mtambo wa San Antonio. Tarehe 24 Julai 2025 serikali mbili zilisaini makubaliano jijini Mexico: miradi iliyobaki ikamilike ifikapo mwisho wa 2027. Agosti South Bay ukapandishwa kutoka galoni milioni 25 hadi 35 kwa siku, na lengo ni 50. Sehemu niliyoisoma mara tatu ni ile inayosema uundwe mfuko wa uendeshaji na matengenezo. Miaka themanini na moja tangu mkataba wa 1944, ndipo neno matengenezo likapewa mfuko wake. Fundi, hiyo ndiyo beringi yako.

Fundi Chemba:

Mfuko ukiwa na pesa. Karatasi peke yake haizungushi pampu. Lakini kweli, angalau imeandikwa.

Mkazi, kuna vijana nawafahamu wana toyo, ile pikipiki ya matairi matatu, lenye tangi na pampu ya kuvuta kwa mkono. Linapita uchochoro wa upana wa mlango wa geti. Hakuna anayeingia shimoni, bomba ndilo linaingia. Wanapeleka mabwawa ya Vingunguti kwa kibali. Tangi lao dogo, itabidi safari kadhaa, lakini nyumba zikijikusanya bei inashuka. Mama Zuhura nawe nakuletea namba yao.

Mama Zuhura:

Mungu akubariki mwanangu. Nilikuwa sijui kama kuna kitu kama hicho.

Kisiki wa Tabata:

Mkazi, jirani yako umeongea naye? Maana uzi mzima tunamjadili na yeye hayupo.

Mkazi wa Bondeni:

Bado. Kisiki umesema kweli. Nitakwenda.

Mkazi wa Bondeni (MREJESHO):

Wakuu, nimerudi. Nilikwenda Jumanne baada ya magharibi. Nilipiga hodi nikiwa nimejipangia maneno mengi. Mzee mwenyewe ndiye aliyefungua, nikamwamkia, akanikaribisha kitini. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Umekuja kwa habari ya choo." Akanieleza shimo lilijaa tangu Novemba. Gari lilikuja mara mbili likashindwa kona ya duka la mkaa. Siku ya tatu mkwewe alikuwa amelazwa ndani na kuhara na choo kimefurika hadi mlangoni, mvua ikaja, akachukua nyundo. Aliponyamaza akaniuliza kama maji yalifika hadi kwangu. Nikamwambia yalifika. Hakujua kwamba yalifika ndani ya ua. Aliinama muda mrefu.

Jumamosi tulikaa kwa mjumbe, nyumba saba. Nilisoma baadhi ya majibu yenu, ya Mama Zuhura wote walinyamaza kuyasikiliza. Tumekubaliana kila nyumba itoe kiasi kidogo kila wiki, toyo lije kwa zamu, na aliyemaliza zamu yake aendelee kutoa, maana shimo litajaa tena. Hilo la mwisho lilibishaniwa saa nzima. Mama mmoja aliuliza kwa nini alipe wakati lake tupu. Mzee ndiye aliyemjibu, akasema lake nalo lilikuwa tupu zamani.

Nyumba tano zimetoa, mbili bado. Daftari ameshika mke wangu.

Jumapili asubuhi nilikwenda na mwiko na nusu mfuko wa saruji, mimi na mzee tukaliziba lile tundu. Ni dogo, mkono unapita kwa shida. Mchanga tulichota mtoni. Toyo linaanza na shimo lake kesho kutwa saa moja asubuhi.